Vyumba Sita vya Mzee: Pango Si Faida

Somo letu la fiqhi ya biashara safari hii limetoka nyumbani kwetu, na nimemwomba baba ruhusa kabla ya kuliandika.

Baba alistaafu ualimu akapata kiinua mgongo chake. Dalali akamletea vyumba sita hapa Mbale, karibu na chuo, upande wa Nkoma. Bei ni shilingi milioni 65, na kila chumba hupangishwa kwa 120,000 kwa mwezi. Dalali alikwisha kumwandikia hesabu kwenye karatasi: 720,000 kwa mwezi, 8,640,000 kwa mwaka, miaka saba na nusu pesa imerudi na nyumba bado ni yako. "Mwanangu, wewe unasoma uhasibu," mzee akaniambia, "nitazamie kama kuna kosa."

Kuzidisha kulikuwa sawa. Kosa lilikuwa kuliita pango lote faida.

Ndugu zangu, ijara ni kuuza manufaa ya kitu huku kitu chenyewe kikibaki katika dhamana ya mwenyewe. Bati likiezuliwa na upepo, ni bati la mwenye nyumba. Ukuta ukibomoka, ataujenga yeye. Chumba kisipokalika, pango la siku hizo halimlazimu mpangaji. Sisi wanafunzi huikumbuka sana sehemu hiyo tunapogombana na wenye nyumba (nami nimo). Lakini hiyo ndiyo inayomhalalishia mwenye nyumba kipato chake: anakula faida kwa kuwa amebeba hasara, jambo ambalo mkopeshaji wa riba hakubali kulibeba. Basi anayenunua nyumba ananunua na hatari zake, na hana budi kuzihesabu kabla hajatoa pesa.

Nikaanza na miezi. Wapangaji wa pale ni wanafunzi, na mwanafunzi hulipa mihula miwili, yaani kama miezi minane. Hapo 8,640,000 ikashuka hadi 5,760,000. Nikatoa chumba kimoja kwa muhula mmoja, kwa kuwa daima kuna chumba kitupu au mwenzetu aliyehama usiku bila kulipa. Zikabaki 5,280,000.

Kisha serikali. Kwa mtu binafsi, sheria iliyoanza Julai 2022 inatoza asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, na gharama zako hazipunguzwi kwanza. Hiyo ni 295,200. Mtunzaji wa ua, 60,000 kwa mwezi, ni 720,000. Maji na taa za nje nikaweka 320,000. Rangi, vitasa, bati na gari la kunyonya choo nikaweka milioni moja, na fundi mmoja wa mtaani alicheka akasema nimekadiria kidogo.

Zilibaki 2,944,800 kwa mwaka. Miaka saba na nusu ya dalali ikawa ishirini na miwili, tena bila ushuru wa stempu, wakili na mpima ardhi.

Hapo sijagusa mwaka mbaya. Machi 2020 vyuo vilipofungwa, vyumba vya wanafunzi vilikaa na kufuli. Na aliyekuwa Mbale mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, anajua kwa nini nilimwomba mzee twende kukagua kiwanja siku ya mvua. Kaka yangu alipendekeza tukope benki tuongeze vyumba viwili. Riba ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini hata asiyejali dini atazame: mikopo ya shilingi hapa kwetu mara nyingi huvuka asilimia 15, na nyumba hii inazaa chini ya asilimia 5.

Tulikwenda siku ya mvua kweli. Maji hayakuingia. Ila uani tulimkuta mama mmoja anaanua nguo, akatuuliza, "Mmekuja kununua? Mimi sijaulizwa." Alikuwa dada wa muuzaji. Kiwanja ni cha marehemu baba yao, na mirathi haijagawanywa. Muuzaji alikuwa anauza fungu lake pamoja na la dada yake. Karatasi ya dalali haikuwa na mstari wa jambo hilo, na yangu pia haikuwa nao, pamoja na uhasibu wangu wote.

Mzee hakugombana na mtu. Alimwambia muuzaji wagawane kwanza kwa sheria, kila mrithi atie saini mbele ya mwenyekiti wa LC1 na wakili, ndipo wazungumze bei upya kwa hesabu ya 2,944,800. Bado tunasubiri. Pesa ziko kwenye akaunti isiyo na riba, na hauli yake inatimia mwezi wa Shaabani. Zikiwa bado hapo zote, zaka yake ni 1,625,000, na mzee ameshaniagiza niiandike kwenye gharama za kusubiri.