Ukibisha Hodi kwa Mzazi wa Mtoto Mchanga

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiingia uani na daftari mkononi, mama huanza kujitetea kabla hajaulizwa: uji haujaiva, nguo za mtoto zimeloa, baba katoka. Anadhani anakaguliwa. Kwa hiyo daftari libaki mkobani kwanza. Salimia. Bibi akiwepo, shikamoo yake itangulie, maana mara nyingi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu maji na uji wa mtoto wa miezi miwili. Ukimpita bibi, ushauri wako wa maziwa ya mama pekee hadi miezi sita utaishia mlangoni.

Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwaka 2021, na mambo yake ni matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Usitake kuyamaliza yote siku moja. Kaa mkekani, utazame, utafute jambo moja ambalo mama analifanya vizuri tayari. Mtoto akitoa sauti na mama akaitikia, "Eeh, unasemaje?", mwambie papo hapo: "Dada, umeona alivyonyamaza akakusikiliza? Hayo ni mazungumzo." Kisha mwombe aongeze kidogo. Akimwogesha, amtajie viungo vyake. Akichambua mboga, ampe sufuria na mwiko agonge.

Usimpakate mtoto ukaonyesha wewe namna ya kucheza naye. Akicheka na wewe, mama anageuka mtazamaji nyumbani kwake. Mwachie yeye afanye, wewe useme machache. Kwangu hili ndilo gumu kuliko yote, maana sisi tuliopewa mafunzo tunatamani sana kuyasema.

Omba kadi ya kliniki, utazame mstari wa uzito na tarehe ya chanjo ijayo. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano mpime mkono kwa utepe. Ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Aende kituoni leo. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaandika rufaa, wanaona wamemaliza. Muulize mama nauli ipo? Watoto wakubwa wataachwa na nani? Pengine jirani atawashika, pengine itabidi umsindikize. Baada ya siku mbili rudi ujue alihudumiwa au alirudishwa.

Ukiona dalili za ukatili, mweleze afisa ustawi wa jamii, au piga 116, ni bure.

Kabla ya kuaga, toa daftari, andika mbele ya mama, umsomee ulichoandika. Kama ameahidi kuzungumza na mtoto wakati wa kumwogesha, ziara ijayo anza na hilo: muulize mtoto alimjibu vipi.