Somo la 5: Mtumishi Aliyekuwa Bado Hajamjua BWANA

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 2:12-19, 3:1-21, 7:15-17, 16:1-7, Mathayo 7:21-23, Yohana 17:3.

Fungu la kukariri: 1 Samweli 3:10. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, mpaka jibu la Samweli liwe ombi lako mwenyewe.

Kila Sabato asubuhi yuko mtu anayefika kanisani kabla ya wengine wote. Anafungua milango, anapanga viti, anafuta vumbi mimbarani. Kazi hiyo ni njema, na Mungu huiona. Samweli naye aliifanya huko Shilo. Alilala hekaluni, palipokuwa na sanduku la Mungu, na asubuhi alifungua milango ya nyumba ya BWANA. Tangu utoto alivaa naivera ya kitani, na kila mwaka mama yake, Hana, alimletea kanzu ndogo. Yeyote aliyemwona angesema, "Kijana huyu anamjua Mungu." Lakini Biblia inasema wazi kwamba alikuwa bado hajamjua.

Juma hili tutajifunza kwamba mtu anaweza kuwa karibu na kazi ya Mungu huku akiwa bado mbali na Mungu mwenyewe. Tutaona pia jinsi Mungu anavyomwita mtu wa namna hiyo, kwa upole na kwa jina lake.

JUMAPILI: Neno dogo "bado"

*Soma 1 Samweli 2:12-17 na 3:7. Wana wa Eli na Samweli wanafanana katika jambo gani? Tofauti yao iko wapi?*

Hofni na Finehasi walikuwa makuhani. Mtumishi wao alichovya uma wa meno matatu chunguni na kuwachukulia nyama, na wakati mwingine alidai nyama mbichi kwa nguvu kabla mafuta hayajateketezwa. Imeandikwa kwamba hawakumjua BWANA. Sura inayofuata inasema jambo karibu lile lile kuhusu Samweli. Kinachowatenganisha ni neno dogo: *bado*. Wale walionywa na baba yao wakakataa kusikia. Huyu neno la BWANA lilikuwa halijafunuliwa kwake. Kwake, "bado" ilikuwa mlango ulio wazi.

Hata hivyo, neno hilo lisitubembeleze tukalala. Katika Mathayo 7:21-23 Yesu anawataja watu wenye orodha ndefu ya kazi walizofanya kwa jina lake, nao wataambiwa kwamba hakuwajua kamwe.

Katika kadi ya darasa tunahesabu waliojifunza lesoni kila siku. Wapo wanaoinua mkono baada ya kusoma siku zote kwa saa moja ya Ijumaa alasiri, ili wasikose majibu darasani. Mimi ninayeandika nimewahi kuinua mkono huo. Majibu nilikuwa nayo yote, lakini juma zima sikuwa nimezungumza na Mungu kuhusu hata moja.

*Kama ungeachishwa madaraka yako yote kanisani leo, ni nini kingebaki kati yako na Mungu?*

JUMATATU: Alimkimbilia Eli

*Soma 1 Samweli 3:1-9. Kwa nini Samweli alidhani ni Eli anayemwita? Eli alimsaidiaje?*

Siku zile neno la BWANA lilikuwa adimu. Samweli aliisikia sauti, na kwa utii mkubwa akakimbia. Ila alikimbilia kwa mtu. Mara tatu alifika kitandani kwa mzee mwenye macho yaliyofifia, na mara mbili akarudishwa kulala bila maelezo yoyote.

Nasi tuna mazoea hayo. Tukiguswa na neno, tunamtafuta mchungaji atuambie maana yake. Tukiwa na mzigo, tunampelekea mzee wa kanisa atuombee, nasi wenyewe hatupigi magoti. Ni vema kuombewa na kufundishwa, lakini hakuna awezaye kumjua Mungu kwa niaba yako.

Pamoja na makosa yake yote, Eli alifanya jambo jema mara ya tatu. Alitambua kwamba ni BWANA aitaye, akamwelekeza kijana aende akalale, na akiitwa tena amjibu Mungu mwenyewe. Mwalimu mwema humwachia mwanafunzi Mungu. Darasa letu likiwa zuri kiasi gani, halijatimiza kazi yake ikiwa washiriki wanarudi nyumbani wakimngojea mwalimu wa Sabato ijayo.

JUMANNE: Ujumbe mzito

*Soma 1 Samweli 3:10-18. Ujumbe wa kwanza aliopewa Samweli ulihusu nini? Kwa nini aliogopa kuusema?*

Huenda sisi tungetarajia usiku wa kwanza uwe wa faraja tupu. Badala yake, kijana aliambiwa kwamba nyumba ya mlezi wake itahukumiwa, kwa kuwa Eli aliujua uovu wa wanawe asiwazuie. Samweli akalala mpaka asubuhi akiwa na mzigo huo moyoni.

Hapa ndipo uhusiano wa kweli unapopimwa. Tukichagua mafungu yanayotusifu tu, tutakuwa tunasikiliza mioyo yetu wenyewe. Mungu husema pia kuhusu deni tusilotaka kulipa, ndugu tusiyetaka kumsamehe, na hasira tunayoiacha nje ya mlango wa kanisa na kuichukua tena tukitoka. Anasema hayo kwa sababu anataka kutuponya.

*Ni fungu gani umekuwa ukilipita haraka? Kwa nini?*

JUMATANO: Asubuhi akafungua milango

*Soma 1 Samweli 3:15, 19-21 na 7:15-17. Maisha ya Samweli yalibadilika katika nini, na ni nini hakikubadilika?*

Baada ya usiku ule, Samweli alifanya kazi ile ile ya jana: alifungua milango. Mikono ilikuwa ile ile, lakini sasa moyo ulikuwa umesikia. Mungu hatuiti tuache huduma ili tumjue. Anataka huduma itokane na kumjua.

Baadaye Samweli alizunguka kila mwaka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua Israeli. Ratiba hiyo haikuwa nyepesi. Lakini kila mara alirudi Rama, palipokuwa nyumba yake, na huko alimjengea BWANA madhabahu. Mtu aliyehudumia taifa zima hakuacha nyumba yake bila mahali pa kumwabudu Mungu.

Nasi tunaweza kuanza kwa kidogo. Chagua mahali na saa, hata dakika 15 kabla watoto hawajaamka. Weka simu mbali. Soma mafungu machache polepole, mara mbili. Uliza: Mungu anajionyeshaje hapa? Ananiambia nini mimi? Kisha nyamaza kidogo. Mjibu kwa maneno yako ya kawaida, na umtajie jambo moja utakalolifanya leo.

ALHAMISI: Nabii mzee angali anasikiliza

*Soma 1 Samweli 16:1-7. Samweli alikosea wapi, na Mungu alimrekebishaje?*

Miaka mingi imepita. Samweli ni mzee, na Israeli yote tangu Dani mpaka Beer-sheba ilikwisha kumjua kuwa nabii. Anafika kwa Yese, anamwona Eliabu, na papo hapo anaamua moyoni kwamba huyu ndiye. Uzoefu wake ulimdanganya. Lakini alipoambiwa kwamba Mungu huutazama moyo, hakubishana. Alisikiliza, akaendelea mpaka Daudi alipoletwa kutoka machungani.

Hakuna anayefikia umri au cheo cha kutohitaji tena kusikiliza. Uzima wa milele, kwa Yohana 17:3, ni kumjua Mungu, na kumjua huko hakuishii siku ya ubatizo.

IJUMAA: Kwa kujifunza zaidi

Soma 1 Samweli sura ya 1 hadi 3 kwa kikao kimoja, ikiwezekana kwa sauti pamoja na jamaa yako jua linapokaribia kuzama. Kisha kila mmoja aombe peke yake, kabla ya ombi la pamoja.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni rahisi kwa viongozi wa kanisa kuficha umbali wao na Mungu? Darasa letu linawezaje kuwa mahali ambapo mtu anaweza kusema, "Mimi bado," bila kuaibishwa?

2. Eli alichelewa kutambua kwamba Mungu anamwita kijana. Tunawasaidiaje vijana na waliobatizwa karibuni kumsikia Mungu wenyewe, badala ya kututegemea sisi?

3. Kila mshiriki ataje saa na mahali atakapokutana na Mungu juma lijalo. Sabato ijayo, kabla ya kadi ya darasa kujazwa, ulizaneni kwa upendo: ulisikia nini?