Mahindi Yako Stoo, Ufunguo Uko kwa Simu: Jinsi ya Kusimamia Stoo ya Kukodi Bila Kupata Hasara

Mahindi yakishavunwa, wakulima wengi wa Kimilili, Kamukuywa na Kitale hujiuliza swali moja: niuze sasa ama niweke? Wakati wa mavuno bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Baadaye, kuanzia Aprili hivi, mahindi hupungua sokoni na kwa kawaida bei hupanda. Lakini nyumbani hakuna nafasi ya magunia 20, na karo ya Januari haingoji mtu. Ndiyo maana wengi hukodi stoo mjini.

Siku hizi kodi ya stoo inalipwa kwa simu, rekodi zinakaa kwa simu, na stoo zingine hata mlango unafunguliwa kwa namba inayotumwa kwa simu. Ni rahisi, kweli. Lakini mali iliyo ndani ya stoo ni jasho lako la mwaka mzima. Leo tunakuonyesha jinsi ya kuilinda, hatua kwa hatua.

Kwanza, jua umekodi nini

Kuna aina mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni stoo ya kawaida ya mtu binafsi. Hapa unakodi nafasi tu. Mahindi yakioza ama yakiliwa na wadudu, mara nyingi hasara ni yako, isipokuwa mmeandikiana vingine.

Ya pili ni ghala lenye leseni chini ya Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka wa 2019. Hapa mahindi yanapimwa uzito na ubora, halafu unapewa stakabadhi. Mwenye ghala ndiye anayewajibika kwa mahindi hayo. Stakabadhi hiyo unaweza kuiuza, ama kuitumia kama dhamana ya mkopo. Kwa hivyo unaweza kupata pesa ya karo bila kuuza mahindi kwa bei ya hasara. Kama magunia yako ni machache, uliza kama unaweza kuingia kupitia kikundi ama chama cha ushirika.

Usiogope kumwuliza mwenye stoo: "Hii ni nafasi tu, ama ni ghala lenye leseni?" Jibu lake ndilo litakuambia nani atabeba hasara.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuweka

Simu haiwezi kukausha mahindi. Kiwango kinachokubalika ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yenye unyevu zaidi huota kuvu, na kuvu huleta sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hii iliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa Kenya, wengi wao wakiwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Si jambo la mchezo.

Kama huna mashine ya kupima, tumia chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, halafu iache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha kwenye turubai. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Hapo umekaribia, lakini ongeza siku moja ama mbili za jua kabla ya kufunga gunia.

Kisha pima uzito *baada* ya kukausha. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 likikauka hadi 13.5 linabaki na kilo 85 hivi. Hakuna aliyeiba, ni maji tu yametoka. Lakini ukiandika uzito wa kabla ya kukausha, utakuja kugombana na mwenye stoo bure.

Hatua ya 2: Lipa kwa njia inayoacha alama

Omba namba ya Paybill ama Till iliyo kwa jina la biashara. Ukitumia Paybill, weka namba ya stoo yako kwenye sehemu ya akaunti, kwa mfano "STOO7". Hapo malipo yako hayatachanganyika na ya jirani.

Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si jina la biashara unayoijua, simama hapo. Usitume kodi kwa namba ya mlinzi ama "kijana wa stoo" kwa sababu ameambia "Paybill imekwama leo." Kesho akiondoka, mwenye stoo atasema hakupokea kitu, na mlango utafungwa na mahindi yako yakiwa ndani.

Usifute meseji ya malipo. Ule msimbo wa herufi na namba ulio mwanzoni ndio ushahidi wako. Kila mwezi uandike pia kwenye daftari, kwa sababu simu hupotea, huanguka kwa maji, na wakati mwingine huuzwa.

Ukikosea namba, piga simu kwa huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha huwa kazi ngumu.

Hatua ya 3: Amua nani anaweza kufungua

Kama stoo inatumia programu ya simu, utapata sehemu ya kuongeza mtu wa pili. Itumie. Sajili mke, mume ama mtoto mkubwa kwa namba yake mwenyewe. Usimpe mtu PIN yako ya pesa eti ndiyo afungue stoo. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na havifai kuwa na namba moja.

Hili tunalisisitiza kwa sababu ya jambo ambalo watu hawapendi kulizungumzia. Mwenye simu akilazwa hospitalini ama akifariki, familia inaweza kukaa miezi bila kujua kuna magunia mahali fulani, huku kodi ikiongezeka. Mwambie angalau mtu mmoja wa nyumbani: stoo iko wapi, iko kwa jina la nani, magunia ni mangapi.

Muulize mwenye stoo maswali haya pia:
- Stima ikipotea ama mtandao ukikwama, mlango utafunguliwa vipi?
- Nikipoteza simu, nani atazuia namba yangu isifungue?
- Nikichelewa kulipa, nina siku ngapi kabla mlango kufungwa?

Kama unatumia kabambe, usijali. Omba rekodi kwa meseji na karatasi yenye sahihi. Haki yako haitegemei aina ya simu.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kungoja bei

Tuchukue mfano. Tuseme leo gunia ni shilingi 2,800. Stoo ni shilingi 40 kwa gunia kwa mwezi, na utaweka miezi minne: 160. Gunia lisilopitisha hewa ni 250. Usafiri ni 50. Jumla ni shilingi 460 kwa kila gunia.

Kwa hivyo ukiuza chini ya 3,260, umefanya kazi ya bure. Kwa magunia 20, gharama yote ni shilingi 9,200, na bado hujaweka ada za kutuma pesa. Kama ulikopa ukingoja bei, ongeza riba. Weka bei za kwako kwenye hesabu hii kabla ya kuamua. Wakati mwingine jibu sahihi ni kuuza nusu sasa na kuweka nusu.

Hatua ya 5: Nenda ukaone kwa macho

Hakuna programu inayoona fukusi ama yule mdudu ambaye wakulima wengi humwita Osama. Tembelea stoo angalau mara mbili kwa mwezi. Angalia kama kuna unga chini ya magunia, harufu ya uvundo, ama maji ukutani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukitumia gunia lisilopitisha hewa, usilifungue ovyo, maana linaua wadudu kwa kuwanyima hewa.

Jihadhari na matapeli

Msimu wa mavuno, nao pia huvuna. "Mnunuzi" anaweza kukuonyesha picha ya meseji ya malipo na kukuharakisha ufungue stoo kwa sababu lori linangoja. Usifungue. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Mwingine atapiga simu akijifanya ni wa kampuni, akiomba PIN ama namba uliyotumiwa ya kufungua mlango. Sisi hatuombi PIN yako, kwa simu wala kwa meseji.

Kabla hujafunga mlango, hakikisha:
1. Mahindi yamekauka na yamepimwa.
2. Idadi na kilo zimeandikwa, pande zote mbili zimeweka sahihi.
3. Umelipa kwa jina la biashara na meseji umeihifadhi.
4. Mtu wa pili amesajiliwa na anajua stoo iko wapi.
5. Unajua bei ambayo chini yake hutauza.

Kama una mzazi ama jirani ambaye ameshaanza kuvuna, msomee haya leo jioni. Mwenye magunia matano naye hawezi kumudu kupoteza hata moja.