Biashara Imelala: Namna ya Kujitangaza Mtandaoni Bila Kula Mtaji

SOMO KWA WAFANYABIASHARA WADOGO WA KAUNTI

Wenye maduka Mtwapa, mafundi wa nguo Mariakani, wenye nyumba za wageni Watamu na akina mama wanaouza chakula Malindi wana lalamiko moja: mteja aliyekuwa akija kila wiki sasa anaonekana mara moja kwa mwezi, na akija anaomba kupunguziwa. Hapo ndipo wengi hukimbilia simu. Mtu husikia jirani alilipia tangazo kwenye Facebook akapata wateja, naye anachomoa shilingi 3,000 za kununulia kitambaa, analipia la kwake. Wiki moja baadaye tangazo limependwa na watu mia kadhaa, oda ni tatu, na kitambaa dukani kimekwisha.

Somo hili ni la mfanyabiashara ambaye pesa za kujitangaza zinatoka mfuko ule ule wa kununulia bidhaa. Linaonyesha namna ya kuchagua njia kabla pesa hazijatoka. Kompyuta haihitajiki. Kinachohitajika ni simu, daftari na kalamu.

Tumewahi kupita hapa

Kilifi si wageni wa misimu mibaya. Mei 2014, Uingereza iliwaonya raia wake wasitembelee sehemu za Pwani yetu. Safari za ndege za watalii zilikatizwa, na aliyekuwa akiziuzia hoteli samaki, mboga au vinyago akabaki na mzigo mkononi. Machi 2020, kwa sababu ya korona, safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa hadi Agosti 1. Kuanzia Aprili hadi mapema Juni mwaka huo, hata kuingia na kutoka katika kaunti yetu kulipigwa marufuku. Uchumi wa nchi nzima ulinywea kwa asilimia 0.3 mwaka huo.

Katika misimu yote miwili, mteja wa mbali ndiye aliyepotea kwanza. Waliobaki walikuwa jirani, mwalimu, muuguzi, familia ya mtaa wa pili. Kuwafikia hawa hakukuhitaji tangazo la kulipia, kulihitaji kuwa na nambari zao za simu. Muuza samaki mwenye nambari za nyumba hamsini anaweza kutuma ujumbe mmoja saa kumi na mbili asubuhi, kabla samaki hawajaharibika. Aliyekuwa akitegemea hoteli moja hana pa kuanzia. Kwa hiyo kama leo huna orodha ya wateja wako, kazi yako ya kwanza ni hiyo, na tangazo lolote lisubiri.

Anza na kugawanya

Tuchukue mfano wa fundi wa nguo anayeshona sare za shule. Hizi ni namba za kujifunzia, wewe utaweka zako. Sare moja anauza shilingi 1,200. Kitambaa, uzi, vifungo, umeme na sehemu ya kodi ya kibanda vinakula 900. Faida yake ni 300.

Sasa anataka kulipia tangazo la shilingi 3,000. Agawanye 3,000 kwa 300, apate 10. Maana yake ni kwamba tangazo hilo lazima limletee oda kumi ili lirudishe tu pesa yake, na faida ianzie oda ya kumi na moja. Tena hizo ziwe oda mpya. Mzazi ambaye angekuja hata bila kuona tangazo hahesabiwi. Je, mwezi huu, na wazazi walivyobanwa, tangazo hilo litaleta wateja wapya kumi na mmoja? Kama ni Januari shule zinapofunguliwa, huenda. Kama ni katikati ya muhula, jibu unalijua.

Muuza chakula hali yake ni ngumu zaidi. Ikiwa kila sahani ya wali kwa samaki inamwachia shilingi 60, tangazo lile lile la 3,000 linamdai sahani hamsini za ziada. Na kama mteja mpya yuko mbali, boda anachukua faida yote ya sahani na kuingia kwenye bei ya samaki.

Mwenye nyumba ya wageni Watamu akifanya hesabu hiyo hiyo anapata jibu jingine kabisa. Tuseme usiku mmoja unamwachia 2,500 baada ya usafi, maji na umeme. Akigawanya 3,000 kwa 2,500 anapata moja na kidogo. Siku mbili tu za mgeni mmoja zinalipa tangazo, na familia itakayokaa siku tatu inamwachia faida. Wateja wake hawapiti mbele ya mlango wake kila asubuhi. Wako Nairobi, wako Nakuru, na hawamjui. Huyu tangazo la kulipia linamfaa hata wakati mgumu, mradi aliweke wiki chache kabla ya likizo ya Agosti au Desemba, alielekeze kwa watu wa miji hiyo tu, na aweke kikomo cha pesa tangu mwanzo. Tangu treni ya abiria ya SGR ianze safari zake kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, familia ya Nairobi inaweza kufika Pwani bila nauli ya ndege. Kueleza ndani ya tangazo jinsi ya kufika Watamu kutoka stesheni kunafaa kuliko picha kumi za machweo ya jua.

Ndiyo sababu kuiga tangazo la jirani ni hatari. Jirani yako huenda anauza kitu chenye faida ya 2,500, na wewe chenye faida ya 60.

Mteja anayekujua ndiye wa bei nafuu

Kwa wengi wetu, basi, pa kuanzia ni kwenye WhatsApp. Ile ya biashara hupakuliwa bure, na ina sehemu ya kupanga bidhaa zako kwa picha na bei, pamoja na sehemu ya kuwawekea wateja alama: huyu analipa kwa awamu, huyu ana watoto wawili darasa la nne, huyu anapenda dagaa. Watu wengi wanaipakua kisha hawajazi chochote. Jaza. Andika bei. Msimu wa shida mteja anaogopa kuuliza bei, asije akaonekana hana. Ukimwandikia “njoo inboksi” ananyamaza na kupita.

Ujumbe mmoja unaotumwa kwa orodha ya watu wengi huwafikia wale tu waliohifadhi nambari yako kwenye simu zao. Kwa hiyo mteja akiwa bado mbele yako dukani, mwombe aihifadhi hapo hapo, na umwulize kama angependa kupata habari zako. Akikataa, mwache.

Tuma mara ngapi? Mara moja kwa wiki inatosha kwa biashara nyingi. Muuza samaki au mboga anaweza kutuma kila siku kwa sababu mzigo wake unabadilika kila siku. Fundi wa nguo akituma kila siku atazimiwa. Na ujumbe uwe na habari: “Kitambaa cha kijani cha sare kimefika. Sketi 600, shati 500. Ukileta sare ya zamani naipanua kwa 150.” Hilo la kupanua sare ya zamani ndilo ningelitilia mkazo mwaka huu. Mzazi asiye na 1,200 huenda anayo 150, na fundi kitambaa hakimhusu sana hapo, anauza kazi ya mkono wake. Wakati mwingine kinachotakiwa kubadilika ni kile unachokiuza, wala siyo tangazo.

Njia ya pili isiyo na malipo ni ramani ya Google. Mtu akiandika kwenye simu yake “fundi wa pikipiki Kaloleni” au “mahali pa kula Malindi”, yanayotokea ni majina ya waliojisajili. Usajili ni bure. Mara nyingi Google huomba video fupi inayoonyesha kibao chako, mtaa na sehemu ya ndani ya duka, ili kuthibitisha kwamba upo kweli. Andika saa za kufungua na uzifuate, kwa maana mgeni aliyefunga safari akakuta kufuli hatarudi, na huenda akaandika. Mtu akikudai maelfu ya shilingi “akuweke kwenye ramani”, jua analipisha kazi ya nusu saa ambayo mwanao anaweza kukufanyia.

TikTok na video fupi? Zinafaa kwa kazi inayopendeza kutazamwa: kusuka makuti, kupika mahamri, kutengeneza gari lililoshindikana. Gharama yake ni muda wako na bando. Lakini mtazamaji wa Kisumu hawezi kununua mahamri ya Gongoni, hata akiyapenda namna gani. Kama mzigo wako unaishia pale boda anapofika, taja mji wako katika sekunde za kwanza za kila video.

Kuhusu kuwalipa watu maarufu wa mtandaoni wakusifie, kwa duka la mtaani na katika msimu huu, sioni hesabu inayokubali.

Mtego wa kupunguza bei

Mtandaoni tangazo rahisi kuliko yote ni “Ofa! Punguzo asilimia 10!” Rudi kwa fundi wetu. Asilimia 10 ya 1,200 ni 120. Shilingi hiyo haitoki kwenye kitambaa wala kodi, inatoka kwenye zile 300 zake, na sasa amebaki na 180. Akiwa alikuwa akiuza sare sitini kwa msimu, alipata 18,000. Ili apate hiyo hiyo kwa 180, lazima ashone sare mia moja. Ni sare arobaini zaidi, macho yakiuma usiku, ili asogee pale pale alipokuwa.

Kuna ofa zisizokula faida namna hiyo. Kulipa kwa awamu kabla sare haijachukuliwa ni moja. Kumpelekea bure mteja anayechukua sare mbili za mtaa mmoja ni nyingine. Kukopa kwa simu ili kulipia tangazo au ofa ni jambo la kuepuka, kwa maana mkopo wa siku 14 unarudi kukudai kabla wazazi hawajamaliza kukulipa.

Oda za mtandaoni zikianza kuja, kuna tahadhari moja ya haraka. Ujumbe wa malipo ambao mteja anakuonyesha kwenye simu yake si malipo. Angalia salio lako mwenyewe kabla boda hajaondoka.

Picha za watu na nambari zao

Hili linawapata wengi bila kujua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia picha au nambari yake kwa ajili ya biashara. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Wakati huo huo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Fundi wa sare, hilo la pili ni lako. Mtoto wa mteja akipendeza, usimpige picha ukaiweka kwenye statasi mpaka mzazi akubali, na afadhali akubali kwa maandishi, hata ikiwa ni kwa ujumbe wa WhatsApp utakaouhifadhi. Au tundika sare kwenye hanga uipige yenyewe. Vivyo hivyo, nambari alizoandika mteja kwenye kitabu cha wageni au alizotumia kulipa si ruhusa ya kumwandikia matangazo. Na anayekujibu “nitoe kwenye orodha” atolewe siku hiyo hiyo.

Daftari la wiki nne

Chora safu nne: tarehe, alichonunua, faida, na alitujulia wapi. Hiyo ya nne ndiyo kazi yenyewe. Kila mteja mpya mwulize, “Ulitupata vipi?” Andika alivyosema: WhatsApp, ramani, video, rafiki, alikuwa akipita. Usiandike idadi ya waliopenda au kutazama, maana hiyo hailipi kodi ya kibanda.

Mwisho wa wiki ya nne, jumlisha faida ya kila njia, utoe bando na pesa ulizoitilia. Huenda ukakuta kwamba “rafiki” ndiye aliyeleta wengi kuliko mtandao wote, na katika hali hiyo mpe mteja wa zamani sababu ya kumleta mwenzake. Njia ambayo haikuleta hata oda moja kwa wiki nne iache, na bando lake lihamie kwa ile iliyoleta.