Skrubu ya Kutolea Hewa Inapogoma: Somo kwa Waendesha Bodaboda



Inasimuliwa kuwa neno bodaboda lilizaliwa hapa Busia, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi cha pili. Leo pikipiki hupenya katikati ya malori marefu, na abiria amekabidhi uhai wake kwa breki za dereva.

Breki ya diski husukumwa na mafuta. Hewa ikiingia humo, mkono wa breki huwa laini, nayo pikipiki huchelewa kusimama. Hewa hiyo hutolewa kupitia skrubu ndogo iliyo kwenye kalipa. Skrubu hiyo ikishikwa na kutu, wengi huikabili kwa nguvu. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa sababu ina tundu katikati na hukatika upesi.

Fuateni utaratibu huu:

1. Ondoeni pedi za breki, kisha safisheni skrubu kwa brashi ya waya.

2. Tieni mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina lake, mkaache usiku kucha. Yasiguse diski wala pedi.

3. Tumieni spana ya ringi inayokaa sawasawa, mara nyingi namba 8. Koleo na spana ya mdomo huharibu pembe zake.

4. Gongeni kichwa chake taratibu kwa nyundo ndogo. Mtikisiko huvunja kutu.

5. Kazeni kidogo mno, kisha legezeni. Rudieni mara kadhaa. Mkihisi inajipinda bila kuzunguka, acheni.

Msitumie moto: mafuta ya breki huwaka, na mipira ya ndani huharibika. Skrubu ikikatika, pikipiki isukumwe hadi kwa fundi, isiendeshwe.

Ikilegea, wekeni skrubu mpya, rudisheni pedi na toeni hewa: bana mkono wa breki, fungua skrubu, funga, ndipo uachie. Endeleeni mpaka mafuta yatoke bila mapovu, huku mkiongeza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki. Kabla ya kuondoka, mkono wa breki uwe mgumu. Funikeni skrubu kwa kofia yake ya mpira ili maji na vumbi visiingie, na badilisheni mafuta ya breki kila baada ya miaka 2.

Kuendesha chombo kibovu ni kosa kisheria. Hata hivyo, askari anayekusimamisha na kukuuliza kuhusu breki hakutafutii kosa tu. Anamfikiria pia mama aliyekaa nyuma yako, na mtoto anayevuka barabara mbele yako.

Usalama wa barabara zetu ni jukumu letu sote, raia na polisi.