Goti la bandia: uliza ganzi ya mgongoni ni ya dawa gani

Ukipangiwa kuwekewa goti la bandia, huenda ukachomwa sindano ya ganzi mgongoni badala ya kulazwa usingizi kabisa. Dawa za ganzi hazilingani.

Bupivakaini ndiyo inayotumika sana. Ganzi yake huweza kudumu saa 2 hadi 4 au zaidi. Maumivu huchelewa, lakini miguu hubaki mizito na mkojo unaweza kuziba. Baadhi ya hospitali za Marekani hutumia mepivakaini, inayoisha mapema, ili mgonjwa awahi kusimama. Ila maumivu nayo huwahi, basi omba dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Wakichanganya mofini kidogo, nafuu huweza kufika siku nzima, lakini mwili huweza kuwasha na kichefuchefu kikakupata.

Mweleze daktari wa ganzi kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au una tezi dume. Usimtegemee mtoto wako kutafsiri, omba mkalimani. Hospitali za NHS Uingereza na nyingi za Marekani hutoa bure.

Na mara ya kwanza usisimame bila muuguzi. Mguu wenye ganzi huangusha.