Mgeni katika Njia ya Nürburg

Tangu zamani wanadamu hupenda kushindana. Watu wa pwani hushindanisha ngalawa, Waarabu hushindanisha ngamia, na watoto hushindana kwa mbio kila wapatapo nafasi. Motokaa zilipopatikana, hazo nazo zikashindanishwa. Mwaka 1894 yalifanywa mashindano katika nchi ya Ufaransa, kutoka Paris mpaka Rouen. Lakini siku zile motokaa zilipita katika barabara za watu wote, penye watoto, mbwa na magari ya farasi. Mwaka 1903 mashindano ya kutoka Paris kwenda Madrid yalikatizwa Bordeaux, kwa kuwa watu kadha wamekwisha kufa njiani. Basi watu wakaona ni heri kujenga njia za mashindano tu, mbali na barabara za wasafiri.

Njia moja ya namna hiyo iko Ujerumani, upande wa magharibi, katika milima ya Eifel. Huko juu ya kilima kuna magofu ya ngome ya kale iitwayo Nürburg, nayo njia huizunguka. Ilianza kujengwa mwaka 1925, na watu wengi wa milima ile, ambao walikuwa maskini na hawana kazi, wakapata riziki yao hapo. Ilifunguliwa mwaka 1927. Sehemu yake iliyo kubwa huitwa Nordschleife, maana yake ni mzingo wa kaskazini. Leo urefu wake ni kilometa 20 na zaidi, nazo kona zake ni nyingi kupita sabini. Hupanda na kushuka katikati ya msitu, na tofauti ya mahali pa juu na mahali pa chini ni yapata meta 300. Kwa ajili ya urefu huo, mara nyingi mvua hunyesha upande mmoja, na upande wa pili jua linawaka. Jackie Stewart, dereva wa Scotland, aliyeshinda hapo mwaka 1968 katika mvua na ukungu mzito, aliiita njia hiyo Jehanamu ya Kijani.

Yako mashindano ya saa 24 yaliyoanzishwa hapo mwaka 1970. Huanza alasiri ya Jumamosi, na kwisha alasiri ya Jumapili. Motokaa huwa zaidi ya mia, na kila moja huendeshwa na watu kadha kwa zamu, usiku na mchana. Madereva mashuhuri wako, lakini pamoja nao wako wengi ambao udereva si kazi yao. Huyu ni fundi, yule ni mwenye duka, mwingine ni tabibu. Hawalipwi, bali wao wenyewe hutoa fedha zao ili washindane.

Sasa tumfikiri mtu wa namna hiyo ajaye Nürburg mara ya kwanza. Kwao yeye ni hodari, kwa maana njia ya kwao ni fupi, naye amekwisha kuizunguka mara mia. Lakini mgeni ni kuku mweupe. Hapa hajui kona ipi ni kali na ipi ni nyepesi, wala hajui ng'ambo ya kilima kuna nini. Kwa hiyo haruhusiwi kuingia mashindanoni kwa sifa za kwao tu. Hana budi kufundishwa njia na kupata ruhusa ya njia hiyo hasa. Na motokaa zenye nguvu nyingi hapewi mpaka ameonekana kuwa mwangalifu katika zile zilizo ndogo.

Mwenye akili hujifunza hivi. Kwanza huitazama ramani, akayashika majina ya kona moja moja, kwa utaratibu wake. Kisha huizunguka njia polepole pamoja na mwalimu aijuaye, naye hutafuta alama: hapa pana kibao, pale pana daraja, pale lami imebadilika rangi. Iko kona moja iitwayo Karussell, iliyo kama bakuli la saruji, na dereva anapoikaribia haioni kwa sababu ya kilima. Husimuliwa kwamba madereva wa zamani walielekeza motokaa zao kwenye mti mrefu kuliko yote, wakijua kwamba kona iko chini yake. Mwisho mgeni huongeza mwendo kidogo kidogo, kila mzunguko.

Je, kwa nini asiende mbio tangu mwanzo? Sababu yake ni hesabu. Motokaa iendayo kilometa 100 kwa saa hupita karibu meta 28 kwa nukta moja ya saa. Ikienda kilometa 200, hupita meta 56. Lakini kuisimamisha si kazi mara mbili, ni mara nne: kama breki zahitaji meta 50 kuisimamisha katika mwendo wa kwanza, zitahitaji meta 200 katika mwendo wa pili. Tena mpira wa gurudumu una nguvu ya kushika njia yenye mpaka wake. Nguvu hiyo ikitumika yote kwa breki, haibaki ya kupindia kona. Kwa hiyo dereva mwema hupunguza mwendo kabla ya kona, hupinda kwa utulivu, kisha huongeza mwendo atokapo. Asiyeijua kona hugundua kosa lake wakati breki haziwezi kumsaidia tena.

Pia sharti azijue bendera, maana katika kelele ile hakuna sauti ya mtu isikiwayo. Bendera ya manjano maana yake ni hatari mbele: punguza mwendo, wala usimpite mwenzio. Yenye mistari ya manjano na myekundu husema kwamba njia ina utelezi. Ya buluu humwambia dereva kwamba aliye na mbio zaidi yuko nyuma yake. Nyekundu husimamisha wote. Tena Nürburg iko bendera yenye namba 60; mahali hapo hapana ruhusa kupita kilometa 60 kwa saa, kwa kuwa watu wako njiani wakimsaidia aliyeanguka. Dereva asiyejali bendera hiyo hahatarishi roho yake tu, huhatarisha na ya mwenziwe.

Wala hatari hiyo si ya wageni peke yao. Tarehe 1 Agosti 1976, Niki Lauda wa Austria, aliyekuwa bingwa wa ulimwengu na aliyeijua njia hiyo vema, alipata ajali hapo, na motokaa yake ikashika moto. Kwa kuwa njia ni ndefu, wasaidizi wengi walikuwa mbali. Madereva wenziwe walisimama, wakaacha mashindano yao, wakamtoa motoni. Aliungua vibaya sana, lakini baada ya majuma sita alishindana tena. Baada ya siku ile mashindano yale ya ubingwa aliyokuwa akishindana Lauda hayakurudi katika njia ile ndefu, na mwaka 1984 ikafunguliwa njia nyingine fupi kando yake.

Basi, Jumapili alasiri bendera ya mirabaraba meusi na meupe ipepeapo, mshindi ni mmoja tu. Lakini mgeni aliyezunguka usiku kucha pasipo kugongana na mtu, akairudisha motokaa salama kwa wenziwe, hana la kuonea haya. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Na katika njia usiyoijua, aulizaye ndiye afikaye.

Maswali

1. Kwa nini watu walijenga njia za mashindano mbali na barabara za wasafiri?
2. Mgeni hufanya mambo gani kabla ya kwenda mbio?
3. Ikiwa motokaa yenda kilometa 50 kwa saa, nayo husimama kwa meta 12, je, ikienda kilometa 100 itahitaji meta ngapi?
4. Madereva waliomsaidia Niki Lauda walipoteza nini, nao walipata nini?